Mwisho Tusioutaka

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, vijana wetu walibaki kwenye mabenchi ya nje wakibishana kwa sauti kubwa, hata sisi tuliokuwa tukifunga kanisa tukadhani kuna ugomvi. Tulipowasogelea tukakuta wanabishania mchezo wa kompyuta. Hapa kwetu Bukima, ukisema gemu wengi huelewa ule mpira wa kwenye skrini ambao vijana hulipia kila mechi vibandani. Huu haukuwa mpira. Ulikuwa mchezo wa hadithi, na kijana mmoja aliyeucheza kwenye kompyuta alipokuwa chuoni alisisitiza kwamba mwisho wake ulimdhulumu.

Mchezo huo unaitwa Mass Effect. Kampuni ya BioWare ya Kanada iliutoa kwa sehemu tatu, mwaka 2007, 2010 na 2012. Mchezaji huvaa nafasi ya kamanda aitwaye Shepard, jina ambalo masikioni halitofautiani na neno la Kiingereza la mchungaji wa kondoo. Kazi yake ni kuwaokoa viumbe wote na mashine zinazokuja kuwaangamiza. Kilichowavuta watu ni uamuzi. Uliyemwacha hai katika sehemu ya kwanza anaweza kukutokea katika sehemu ya tatu. Uliyemwacha afe hatarudi tena. Maamuzi yako huhifadhiwa na kubebwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa miaka mitano wachezaji waliishi na tumaini hilo, kwamba kila walichochagua kingekuwa na uzito siku ya mwisho.

Mwisho ulipofika, Machi 2012, walikuta njia tatu: kuziangamiza mashine, kuzitawala, au kuunganisha viumbe na mashine viwe kitu kimoja. Njia yoyote uliyoshika, picha zilizofuata zilifanana sana, na tofauti kubwa iliyoonekana ilikuwa rangi ya mwanga: nyekundu, buluu au kijani. Mashabiki walikasirika. Walikusanya saini. Walichanga zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play, linalowapelekea michezo watoto waliolazwa hospitalini, ili malalamiko yao yazae kitu chema. Wengine walituma kwenye ofisi za kampuni keki ndogo zipatazo 400, zilizopambwa kwa rangi hizo tatu, na zote zikiwa na ladha ileile. Wapo waliosema yote ya mwisho yalikuwa ndoto tu katika akili ya Shepard, na kwamba mwisho wa kweli umefichwa. Wapo pia waliosema hadithi ni ya mwandishi, msomaji hana haki ya kumwamuru. Mwezi Juni mwaka huohuo kampuni ilitoa bure nyongeza iliyorefusha mwisho na kuufafanua.

Sisi wazee tulicheka. Tulisema watu wenye shibe ndio wanaoweza kulilia hadithi ya kubuni. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa akiwasubiri wanakwaya ili aongozane nao nyumbani, akasema taratibu, "Mwanangu naye alichagua vizuri." Kicheko kikakatika.

Tulimjua mwanawe. Alikuwa mvuvi wa dagaa. Aliacha pombe, akalipa madeni yake, akarudi ibadani, akaanza kuweka fedha za kubandika bati. Usiku mmoja upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka, wenzake wakaokolewa, yeye akapatikana siku ya tatu. Ubishi wa vijana ulikuwa wa kubuni, lakini swali lililokuwa ndani yake halikuwa la kubuni. Je, anayechagua mema anadai nini mwishoni? Na mwisho ukiwa mbaya, je, yale mema yalikuwa na maana?

Kwanza tukiri jambo. Ahadi waliyokuwa nayo wachezaji wale, sisi pia tumeihubiri. Tumewaambia vijana kwamba ukimtii Mungu, ukitoa sadaka, ukikaa mbali na dhambi, mambo yako yatanyooka: utapata kazi, ndoa, nyumba. Hatukusema kwa nia mbaya. Ziko njia ambazo kweli wema huleta heri, na mlevi aliyeacha pombe hahitaji kuelezwa. Lakini tuliifanya imani ionekane kama mkataba wa malipo, na kijana asipolipwa anaona ametapeliwa. Baadhi ya wale ambao hatuwaoni tena Jumapili hawakumkataa Kristo. Waliukataa mkataba tuliouandika sisi kwa jina lake.

Vijana walikuwa na majibu mawili. Wa kwanza walisema mwisho mbaya huharibu yote yaliyotangulia. Wa pili walisema saa nyingi za furaha haziwezi kufutwa na dakika kumi za mwisho. Safari yenyewe ndiyo thawabu. Tuliyapima majibu hayo mbele ya yule mama. Jibu la kwanza ni la uongo. Siku ambazo mwanawe alikaa mezani akiwa na akili timamu zilikuwa siku za kweli, na hakuna wimbi linaloweza kuzifanya zisiwe zimekuwapo. Jibu la pili lina ukweli, ila halitoshi. Nani kati yetu angemwambia mama kando ya jeneza kwamba ashukuru tu kwa safari? Anayependa hawezi kuridhika na safari peke yake. Kilio chake kwamba mwisho haufai ni ushuhuda kwamba alichopoteza kilikuwa na thamani.

Ndiyo maana hatudhani kulalamikia mwisho ni kukosa imani. Habakuki alimuuliza Mungu hata lini. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na mwishoni Mungu aliwakemea marafiki waliojifanya mawakili wake, si Ayubu. Kitabu hicho kina mwisho ambao wengi huuona mzuri: Ayubu anapewa mali maradufu na watoto wengine kumi. Lakini mzazi aliyezika hukisoma kwa jicho jingine. Watoto wapya si wale wa kwanza. Baraka ilirudi, makaburi kumi yakabaki.

Lakini Injili ya Marko inatugusa zaidi, kwa sababu mwisho wake nao umebishaniwa kwa karne nyingi. Katika nakala mbili za kale sana za karne ya 4, zinazojulikana kwa majina ya Sinaiticus na Vaticanus, Marko anaishia sura ya 16 mstari wa 8. Wanawake wamekwenda kaburini, wameambiwa kuwa Yesu amefufuka, nao wanakimbia wakitetemeka, wasimwambie mtu neno, kwa kuwa waliogopa. Basi. Hakuna kukutana na Yesu, hakuna kupaa mbinguni. Kwa Kigiriki hata sentensi yenyewe inamalizikia kwenye neno dogo lenye maana ya "kwa kuwa", kana kwamba msimulizi ameitwa nje kabla ya kumaliza. Nakala nyingine zina mwisho mfupi wa ziada, na nyingi zina ule mrefu wa mstari wa 9 hadi wa 20. Kanisa limeupokea huo mrefu, nasi tunausoma kama Maandiko. Hata hivyo tafsiri kadhaa huuwekea mabano au maelezo, ili msomaji ajue historia yake.

Hatutaki kubishana na wataalamu kuhusu nani aliandika nini. Tunataka tukae kidogo kwenye mstari wa 8 kabla ya kukimbilia wa 9. Hofu na kimya cha wanawake wale vilihifadhiwa. Hakuna aliyevifuta ili habari ionekane nzuri zaidi. Na kwenye mstari wa 7, kabla ya kukimbia kwao, waliambiwa kwamba Yesu ametangulia kwenda Galilaya, nao watamwona huko. Galilaya ni kule hadithi ilikoanzia, kando ya ziwa, penye nyavu na mitumbwi. Mwisho wa Marko haumlipi msomaji. Unamrudisha ufukweni na kumwambia kwamba Bwana yuko mbele yake. Na kwa kuwa sisi tunaisoma habari hii leo, tunajua kwamba kimya cha wale wanawake hakikudumu. Mtu fulani alisema.

Ng'ambo ya maji yetu kuna kisiwa cha Ukerewe, na huko aliishi Aniceti Kitereza, Mkatoliki aliyesoma seminari. Alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotaabika kwa kukosa mtoto. Miaka ikapita bila mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya nakala kumfikia mkononi. Ukiupima mwisho wake kwa mizani ya malipo, ulikuwa dhuluma. Lakini kazi yake inasomwa, tena hata kwa lugha nyingine. Waebrania 11 inawataja watu wa namna hiyo, waliokufa wakiwa bado hawajapokea, wakiiona ahadi kwa mbali. Musa naye aliiona nchi akiwa juu ya mlima Nebo, akafa bila kuivuka Yordani.

Katika ile nyongeza ya Mass Effect waliongeza pia njia ya nne. Shepard anaweza kuzikataa njia zote tatu. Akikataa, yeye na kizazi chake wanashindwa, na ushindi unakuja kwa walio baada yao. Wachezaji wengi hawakuipenda. Hatushangai, kwani hata sisi hatupendi kupanda mwembe ambao matunda yake yataliwa na wengine. Lakini wazazi waliotuachia imani katika vijiji hivi vya Majita walifanya hivyohivyo.

Sasa turudi kwa mama yetu, maana kwake tulikosea. Siku ya msiba tulimpa maneno matatu. Tulisema Mungu amempenda zaidi. Tulisema kazi ya Mungu haina makosa. Tulisema sote njia yetu ni moja. Tulipokumbuka zile keki tuliona aibu. Maneno yetu yalikuwa na rangi tofauti, lakini ladha yake kwa mama ilikuwa moja: nyamaza. Tulikuwa na haraka ya kumwandikia mwisho mzuri, kwa sababu mwisho wake ulitutisha sisi. Kisha matanga yakaisha, tukakunja turubai, tukaondoka, yeye akabaki kwenye mstari wa 8 peke yake.

Tunaamini ufufuo. Tunaukiri kila Jumapili, na hatuusemi kwa kunong'ona. Lakini ufufuo hatukuushona sisi ili kuficha sehemu iliyochanika. Ni Mungu aliyeutenda, na hata yeye hakufuta yaliyotokea, kwani mikono ya Yesu aliyefufuka ilikuwa na alama za misumari, na Tomaso aliambiwa aziguse. Mwisho tunaoungoja utakuja na makovu yetu yakiwa yanaonekana, yamepokelewa. Basi hatuna sababu ya kumharakisha mwenye kovu alifunike.

Jioni ile hatukumjibu mama. Mmoja wa wale vijana waliokuwa wakibishana ndiye aliyenyanyuka, akabeba kikapu chake, akamuuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Mama akaanza kusimulia njiani, nasi tukafuata nyuma tukisikiliza. Alisimulia ulevi na kutubu, madeni na bati, hadi tukafika kwake, na hata hapo hakuwa amemaliza. Tangu hapo tumekubaliana katika jumuiya yetu kwamba msiba haufungwi siku ya kukunja turubai. Tutakwenda tena baada ya mwezi, na baada ya mwaka, na tutakapofika hatutakwenda na maneno matatu. Tutamuuliza aliyefiwa atusimulie, na tutakaa hadi aseme yatosha.