Ni Nani Apaswaye Kuthibitisha?

Mtu akisema jambo fulani lina hatari, na mwenziwe akisema halina, ni yupi apaswaye kuleta ushahidi? Wengi watajibu upesi, "Aliyeonya." Nami zamani nalijibu hivyo.

Lakini fikirini habari ya chombo cha anga cha Wamarekani kilichoitwa Challenger. Chombo hicho kilisukumwa juu kwa roketi mbili ndefu zilizofungwa ubavuni mwake. Kila roketi iliungwa kwa vipande, na katika maungio zilitiwa pete za mpira ili moto usipenye. Basi mpira ukipatwa na baridi kali huwa mgumu, hauwahi kutanuka na kuziba. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyozitengeneza roketi hizo, walisihi safari iahirishwe kwa sababu ya baridi. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alieleza baadaye ya kuwa siku zote walitakiwa kuthibitisha kwamba chombo ni salama. Usiku ule wakatakiwa kuthibitisha kwamba si salama. Hawakuweza. Ni nani awezaye kuthibitisha msiba usiotokea bado? Wakubwa wa kampuni wakatoa idhini. Asubuhi yake chombo kikaruka, na baada ya sekunde 73 kikavunjika angani. Watu saba wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. (Nakiri kwamba huyo namkumbuka kuliko wenzake.) Hao saba hawakuwa wameambiwa neno la mainjinia.

Labda mtauliza, roketi zatuhusu nini? Hapa Kariakoo twashinda chini ya maghorofa. Tarehe 16 Novemba 2024 moja liliporomoka, watu zaidi ya 20 wakafa. Ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Kwanza mazishi, kisha ukaguzi.

Muuza vitenge aonaye ufa ukutani hana cheti wala kipimo. Akisema, aulizwa, "Kwani wewe injinia?" Hunyamaza, akafungua duka, maana kodi yadaiwa. Mwenye jengo ndiye mwenye ramani, ndiye awezaye kumlipa fundi wa kupima. Mbona haulizwi yeye kwanza?

Wako wasemao kwamba tukidai ushahidi wa namna hiyo kila mara, hapatajengwa kitu mjini. Hoja hiyo ina uzito. Ila nimeisikia mara nyingi, wala sijaisikia bado kwa mtu mwenye duka la chini.