Kidonge cha Bibi, Hela ya Mjukuu



Vijana wenzangu, leo nina swali moja tu. Mtu akiacha kunywa dawa zake ili hela hiyo imsaidie mwingine, je, ametoa sadaka au amejidhuru?

Hapa Tunduru ninapofanya mwaka wa uchungaji hilo si swali la vitabuni, hasa miezi ya Februari na Machi, hela ya korosho imeshaisha na mahindi bado yako shambani. Wazee wengi tunaowapelekea Komunyo nyumbani wana presha. Ukiuliza dawa, unaonyeshwa vidonge vimekatwa nusu nusu kwa wembe, na si daktari aliyesema vikatwe. Wengine wananywa leo, kesho wanaruka. Kisera, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure. Lakini dawa ikikosekana dirishani anaandikiwa akanunue duka la nje, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Bibi mmoja aliniambia, wala hakuwa analalamika: “Frateri mwanangu, mimi nimeshaishi. Yule yuko chuo Songea, atakula nini?”

Kuna watakaosema ni ujinga. Kuna watakaosema huyo ni mtakatifu. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliwahi kuuliza jambo la karibu na hili: je, nimpende jirani kuliko mwili wangu? Anajibu ndiyo, kwa kuwa jirani anaweza kushiriki nasi heri ya milele kwa namna ambayo mwili peke yake hauwezi. Ila anaongeza kwamba si kila mtu analazimika kuutoa mwili wake kwa ajili ya mwingine. Kufanya hivyo ni ukamilifu wa mapendo. Hata Katekisimu, namba 2288, inapotutaka tutunze afya, inataja hapohapo mahitaji ya wengine. Kwa hiyo bibi hajatoka nje ya imani.

Sasa tukiangalie kidonge chenyewe, maana falsafa isiyojua kidonge kinafanya kazi gani itampoteza bibi wa watu. Chukua amlodipini, mojawapo ya dawa za presha zinazotumika sana. Inapunguza kalsiamu inayoingia kwenye misuli ya kuta za mishipa ya damu. Misuli inalegea, mishipa inatanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu nyingi. Tena inatoka mwilini polepole, hivyo ukiruka siku moja mara nyingi husikii kitu. Presha nayo kwa kawaida haiumi: mtu ana 180 kwa 110 na yuko shambani anapalilia, anaimba. Hapa ndipo panaponisumbua. Ukifunga chakula, njaa inakukumbusha kila saa unachotoa. Ukiacha kidonge, mwili unanyamaza. Bibi anaona ametoa hela ya dawa, kumbe alichoweka rehani ni mkono wake wa kulia na ulimi wake. Siku mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka, ndiyo kiharusi hicho.

Na deni halimwangukii peke yake. Mzee akipooza, nani atamgeuza kitandani, atamwogesha, atamlisha uji? Mara nyingi ni binti wa nyumba, na wakati mwingine ni yuleyule aliyekuwa chuo. Yaani masomo yaliyolipiwa kwa kidonge yanasimama kwa sababu ya kidonge.

Ndiyo maana nasita kuiita sadaka. Anayetoa sadaka anapaswa kujua anatoa nini, na bibi aliambiwa tu “moja kila siku”, foleni ikasogea. Lakini simlaumu. Naona swali hili tunamwelekezea yeye tu, wakati kuna anayepokea. Na wapokeaji ni sisi.

Someni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23. Daudi yuko ngomeni, Wafilisti wameshika Bethlehemu, naye anatamani maji ya kisima cha kwao kilicho langoni. Mashujaa watatu wanapenya kambi ya adui, wanayachota, wanamletea. Anakataa kuyanywa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa sababu kwake hayo yalikuwa damu ya watu waliohatarisha maisha. Hawakemei. Hanywi tu.

Meseji ya M-Pesa haituambii hela imetoka wapi. Inabidi tuulize: “Shikamoo bibi. Dawa zipo? Zimebaki ngapi?” Swali ni fupi, ila ukishalijua jibu, chipsi za jioni hazishuki vilevile. Na kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo tujiulize pia: msiba ukitokea tunachanga siku hiyohiyo, lakini mchango wa vidonge vya mwezi mmoja vya mzee aliye hai mimi sijauona kwenye daftari.

Ugumu uko hapa. Ukimrudishia bibi hela yake unaweza kumwumiza, kwa sababu kutoa ndiko kunakomfanya ajione bado ana nafasi katika ukoo. Biblia haisemi wale mashujaa watatu, jasho halijakauka, walijisikiaje walipoona maji yao yananywewa na ardhi.