Visiwa Vichache, Siku Chache

Likizo fupi ya visiwani hupangwa kwa kutazama bahari kwanza, kisha kuhesabu siku. Mgeni wa Unguja mwenye siku 5 hufaidi zaidi visiwa vya jirani. Changuu, wanakoishi kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, hufikiwa kwa boti kutoka Mji Mkongwe kwa takriban nusu saa. Asubuhi moja yatosha. Chumbe, kisiwa chenye hifadhi ya matumbawe, hupokea wageni wachache, hivyo nafasi huwekwa mapema.

Pemba ni safari nyingine. Iko takriban kilomita 50 kaskazini, ng'ambo ya bahari yenye kina kirefu, na abiria wa meli hushukia Mkoani, kusini mwa kisiwa. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kuchoka bure: inastahili kulaliwa angalau usiku 2, au isubiri likizo ndefu.

Msimu nao huamua. Kusi ya Juni hadi Septemba huchafua bahari. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua nyingi. Siku ya mwisho kabla ya ndege ya kurudi nyumbani isiwekewe safari yoyote ya majini. Meli huweza kuahirishwa. Ndege haimngoji abiria.