Utamu wa Sauti na Uzito wa Neno

Sauti ya mwimbaji huanzia kwenye pumzi. Hewa husukumwa na misuli ya tumbo na mbavu, hupanda kutoka mapafuni na kuzitikisa nyuzi za sauti kooni. Koromeo, mdomo na pua huikuza na kuipa rangi. Katika kazi hiyo irabu na konsonanti hazilingani. Irabu ndiyo inayovutwa mapigo manne au manane. Konsonanti huikatiza, lakini bila yake msikilizaji hajui kinachoimbwa. Anayejali utamu peke yake huvuta irabu na kumeza konsonanti. Anayejali maneno peke yake huishia kusema tu. Hapo ndipo lilipo swali la zamani la dini kuhusu uimbaji wa ibada: je, uzuri wa sauti hulitumikia neno takatifu, au hulifunika?

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alilitaja waziwazi katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake. Kwake ilikuwa dhambi kuguswa na sauti kuliko na kile kinachoimbwa, na alimkumbuka Athanasio wa Aleksandria, aliyetaka zaburi zisomwe kwa mkunjo mdogo wa sauti, karibu na maneno ya kawaida. Lakini alikumbuka pia machozi yaliyomtoka aliposikia nyimbo za kanisa mwanzoni mwa imani yake. Mwishowe aliegemea upande wa kuuruhusu uimbaji, bila kukata shauri moja kwa moja.

Waislamu walilishika jambo hili kwa namna mbili. Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba kusikiliza huamsha kile ambacho tayari kimo moyoni, kwa hiyo hukumu hutegemea msikilizaji. Kisomo cha Kurani, ambacho Waislamu hawakiiti wimbo hata kikiwa kitamu namna gani, kina sheria zake: tajwidi huiwekea kila herufi mahali pake pa kutokea, na huipimia madda, yaani irabu ndefu, urefu wake, kuanzia harakati (vipimo) mbili hadi sita. Msomaji hana ruhusa ya kurefusha irabu kwa sababu tu koo lake linaweza. Hapa mbinu ya sauti imekuwa sehemu ya adabu ya dini, na pengine hakuna mapokeo mengine yaliyolijibu swali hili kwa uangalifu kiasi hicho.

Ulaya ya karne ya 16 ilifika njia panda. Kwaya ziliimba sauti kadhaa kwa pamoja, kila moja ikiwa kwenye neno lake, hata waumini wakapotea. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ulijadili muziki mwaka 1562, na amri yake ilikataza muziki wenye uchafu au uasherati. Hadithi kwamba mtunzi Palestrina aliuokoa uimbaji wa sauti nyingi kwa Misa ya Papa Marcelo, iliyochapishwa mwaka 1567, haiaminiwi sana na wanahistoria. Hata hivyo, katika Utukufu na Nasadiki za misa hiyo sauti husogea pamoja, silabi kwa silabi, na maneno husikika. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alikwenda mbali zaidi: ibada ya Geneva ilikuwa na zaburi kwa sauti moja, bila ala. Kinyume chake, Luther, mwanamageuzi mwingine aliyependa muziki, alikuwa na nyimbo za sauti nyingi tangu mwaka 1524.

Afrika Mashariki ilipokea nyimbo za Ulaya pamoja na tatizo lake. Maneno ya Kiswahili yalipachikwa kwenye tuni za Kijerumani na Kiingereza, na mkazo, ambao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mara nyingi ukaangukia mahali pasipo pake. Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa muziki wa mataifa katika liturujia.

Leo kwaya nyingi hununua vinanda na vipaza sauti kabla ya kufundishwa kutamka. Hilo ni kosa, na halirekebishwi kwa kuongeza sauti. Mwalimu wa kwaya amkalishe nyuma kabisa ya kanisa mtu asiyeujua wimbo, kisha amwulize amesikia maneno gani.