Jicho la Kuazima

Tunapenda kumsifu mpiga picha kwamba ameuona mji kwa macho yake mwenyewe, kana kwamba macho hayo hayajawahi kutazama picha ya mtu mwingine. Hakuna macho ya namna hiyo. Kila anayeshika kamera ameshaona picha tele, nazo ndizo zinazomwelekeza, kabla hajafikiri, asimame wapi na apige nini. Nashikilia kwamba athari hizo hazimzibi mtu asipaone mahali. Aghalabu ndizo zinazompa njia ya kupaona, ilimradi akubali kusahihishwa na mahali penyewe.

Mfano mzuri ni Berenice Abbott, Mmarekani aliyejifunza kazi hii Paris katika miaka ya 1920. Huko alikutana na Eugène Atget, mzee aliyekuwa amepiga mitaa, vichochoro na madirisha ya maduka ya mji huo kwa takriban miaka 30, akitumia kamera ya mbao na vioo. Atget alifariki mwaka 1927. Abbott akanunua sehemu kubwa ya picha zake, na mwaka 1929 akarejea New York. Ungetazamia atuletee Paris ya pili. Na kweli, maduka na mitaa isiyopambwa imejaa katika kitabu chake cha mwaka 1939, Changing New York. Ila New York haikukubali kutazamwa yote na mtu aliyesimama njiani, hivyo Abbott akalazimika kupanda. Picha yake mashuhuri ya mji usiku aliipiga kutoka juu katika jengo la Empire State, kamera ikipokea mwanga kwa dakika 15, majira ya Desemba, giza linapotangulia kuingia kabla wafanyakazi hawajazima taa za ofisi saa kumi na moja jioni. Dakika hizo hakufundishwa na Atget. Zilipangwa na jua na saa za kazi za mji. Kutoka kwa mzee alirithi subira ya kuzisaka.

Atatokea wa kusema kwamba mwenyeji hahitaji mwalimu, maana kwao anapajua. Sawa, lakini Atget hakuzaliwa Paris, alizaliwa Libourne. Abbott naye alitoka Ohio. Tena mwenyeji ana mwalimu hata kama hamjui kwa jina. Kijana wa Unguja amekulia kwenye postikadi na kalenda za ukutani: jahazi na jua linalozama, mlango wa nakshi wenye vichwa vya shaba. Pingamizi lenye uzito ni jingine, kwamba wengi huishia kuiga, na mlango uleule hupigwa kila siku kwa namna ileile. Ni kweli, na inachosha. Lakini anayejidai hana mwalimu ndiye hasa anayemwiga mtengeneza kalenda, kwa kuwa hajui cha kukataa. Wewe unayeanza kupiga picha za mji wako, mtaje kwanza aliyekuathiri, kisha tafuta mahali ambapo mji unambishia.