Mtume na Mtumwa

Aliyenikaba darasani alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Alabama, muuguzi mstaafu. Alikuwa akikaa dawati la mbele katika darasa langu la Kiswahili, idara ya masomo ya watu weusi, chuo kimoja cha Ohio. Wenzake walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa wanaotafuta alama. Yeye alikuwa na daftari la jalada gumu.

Siku hiyo nilifundisha kauli ya kutendwa. Nikaandika ubaoni: tuma, tumwa. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, basi mtumwa ni aliyetumwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mtume?"

"Naye katumwa."

Vijana wakacheka. Yeye aliandika.

Kiswahili hakikufika vyuo vya Marekani kwa nasaba. Waafrika waliovushwa kwenda Marekani walitoka hasa magharibi na kati-magharibi ya bara, na wasomi wa Wamarekani weusi wanalijua hilo kuliko sisi. Mwaka 1966 Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani mweusi, alizipa kanuni saba za sikukuu yake ya Kwanzaa majina ya Kiswahili, kujichagulia ikiwa ya pili. Miaka miwili baadaye wanafunzi wa chuo cha San Francisco State waligoma kuanzia Novemba 1968 hadi Machi 1969, wakapata idara yao ya masomo ya watu weusi. Kiswahili walikipenda kwa kuwa si cha kabila moja, na kwa kuwa Tanzania ya Nyerere ilikuwa ikitazamwa. Sioni kosa. Hata kwetu watu walichanjiana damu wakawa ndugu, na hakuna aliyewadai cheti.

Wiki iliyofuata mama akauliza: wakati wa utumwa, lugha hii ilikuwa ya waliofungwa au ya waliofunga?

Nikasema, ya wote. Misafara ya Ujiji hadi Bagamoyo ilikwenda nayo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watu, alitusimulia maisha yake kwa Kiswahili. Nikaanza kumtajia maneno, na kadiri nilivyotaja ndivyo chaki ilivyokuwa nzito. Muungwana, tunayemsifu kwa adabu, alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Mjinga aliitwa mtumwa mgeni, aliyeletwa juzi, asiyejua bado mambo ya pwani. Mzalia ni yule aliyezaliwa pwani hapo hapo, utumwani.

Nikajaribu kujikwamua kwa dini. Abdallah, nikamwambia, ni mtumwa wa Mungu, na kaka yangu ana jina hilo. Hata Paulo, mwanzo kabisa wa Waraka kwa Warumi, anajiita mtumwa na mtume kwa pamoja. Mama ni Mbaptisti. Paulo wake anamjua.

"Paulo alijitwika mwenyewe," akasema. "Wa kwetu walitwikwa."

Kisha akataka miaka. Kwao utumwa ulifutwa 1865. Tanganyika, nikamwambia, Waingereza waliufuta kisheria 1922. Akahesabu kwa vidole. Bibi yake hakuzaliwa chini ya sheria ya utumwa. Bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, alizaliwa chini yake.

Tangu hapo nimebadili swali langu. Zamani nilijiuliza iwapo mjukuu wa Alabama ana haki ya kukiita Kiswahili chake. Haki anayo, na ameichukua pamoja na daftari la madeni, ukurasa kwa ukurasa. Mimi niliyezaliwa nayo ndiye niliyekuwa nikila urithi kabla ya kulipa. Fundi yeyote wa mirathi atakwambia deni la marehemu hutoka kwanza, ndipo watu wagawane. Sisi tumegawana mashairi, methali na uungwana, tukasema deni ni la Waarabu na Wazungu.

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Pangani, aliishi mama mmoja aliyepikia harusi zote za mtaa. Pilau lake lilisifiwa hadi ng'ambo ya mto. Wageni walikula sebuleni. Yeye alikula uani, kando ya sufuria zake. Nilipouliza, bibi alijibu bila hasira: "Yule mzalia."

Likizo iliyofuata darasa hilo nilirudi Pangani nikamuuliza mama yangu yule mpishi aliitwa nani. Alizikumbuka sufuria, akakumbuka hata kipimo chake cha bizari. Jina hakulijua.