Nilicheka na Rupert, Nikamsahau Jerry

Nimeitazama tena The King of Comedy, ile filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1982, na bado sijajua nimfanyeje Rupert Pupkin. Nimwonee huruma? Nimwogope? Robert De Niro kamwigiza vizuri mno hadi najikuta nafanya yote mawili kwa mpigo.

Rupert anataka kuwa mchekeshaji. Nyumbani amesimamisha picha za kadibodi za watu mashuhuri, anapiga nazo soga kama yuko studio, huku mama yake (hatumwoni, tunasikia sauti tu) akimfokea apunguze kelele. Hapo nilicheka kwa roho safi. Nani hajawahi kujihoji mwenyewe mbele ya kioo?

Halafu anajipeleka nyumbani kwa Jerry Langford, mtangazaji maarufu wa televisheni, bila kualikwa. Tena kamleta mwanamke, Rita, akimwaminisha kuwa wao ni wageni wa mwenye nyumba. Jerry anarudi, anawafukuza kwa ukali, nami nikamchukia Jerry! Mtu kavamiwa kwake, mimi nakasirika kwamba hakuwa mkarimu.

Ndipo panaponisumbua. Baadaye Rupert na mwenzake Masha wanamteka Jerry kwa bastola ya bandia, wanamfunga kitini kwa selotepu, na fidia wanayoitaka ni Rupert apande kwenye kipindi chake. Anapanda. Anasimulia utoto wake, nyumbani kulivyokuwa, alivyopigwa shuleni. Anawaambia hata kwamba Jerry amefungwa. Ukumbi unacheka, unadhani ni utani.

Na mimi nikacheka. Vichekesho vyenyewe si vibaya, na hilo linanikera, maana vingekuwa vibovu ningemwita kichaa nikaenda zangu kulala. Nilimhurumia yule mtoto aliyepigwa, na muda wote huo sikumkumbuka hata mara moja aliyefungwa kitini. Wapo watakaosema filamu kama hii hutufundisha kuwaelewa walioumizwa. Sawa, nakubali. Ila Rita je, aliyedanganywa akaaibishwa sebuleni kwa watu? Yeye hakupewa kipaza sauti, na mimi sikumuuliza chochote.

Kuna sehemu fupi karibu na mwisho. Jerry amejinasua, anasimama mbele ya dirisha la duka lenye televisheni, anamwona Rupert humo ndani akishangiliwa. Hasemi neno. Mara ya kwanza hata sikuigundua sehemu hiyo. Nilikuwa bado nacheka.